Ualimu wa Kilimo Waweza Kuwa Mtaji

Wako wazazi wengi vijijini waliouza ng'ombe na mazao ili mtoto wao apate elimu ya juu ya kilimo. Kijana arudi na shahada ya ualimu wa kilimo, apeleka barua za kuomba kazi, kisha angoja. Mwaka wapita, wa pili waingia, na majirani waanza kunong'ona ya kwamba fedha zile zimepotea bure. Katika somo hili twataka kuonyesha ya kuwa elimu hiyo yaweza kuwa mtaji wa kazi yake mwenyewe, ikiwa atafahamu ni kitu gani hasa alicho nacho.

Mafundisho haya si ya jana. Huko Njoro, nchini Kenya, Lord Maurice Egerton alianzisha shule ya kilimo mwaka 1939, nayo mwaka 1987 ikawa chuo kikuu. Kwetu Tanzania, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa Morogoro mwaka 1984. Asomaye ualimu wa kilimo hujifunza mambo mawili: kulijua shamba, na kumfundisha mwenziwe hata akaelewa. La kwanza, mkulima mzee naye analo. La pili ndilo adimu, na hilo ndilo mtaji.

Walakini watu hawana desturi ya kulipia maneno matupu, hulipia kitu. Basi yafaa mwalimu ayafungamanishe mafundisho yake na kitu cha kuuza.

Mfano wa kitalu. Ekari moja ni kama meta za mraba 4,047. Nyanya zikipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 75, ekari hiyo yataka miche 9,000 hivi. Tuseme katika kila miche kumi mmoja haufai: yampasa mwenye kitalu asie mbegu 10,000, yaani trei 50 zenye matundu 200 kila moja. Miche hukaa kitaluni majuma manne hata sita, kisha yataka kuhamishwa. Ikikosa mnunuzi hurefuka na kudhoofika, na hasara ni ya mwenyewe. Kwa hiyo asianze na mbegu, aanze na watu. Aende kwa wakulima, aulize ekari na siku ya kupanda, apokee arubuni, ndipo asie. Na siku ya kuchukua miche awakusanye wanunuzi, awaonyeshe kwa mikono jinsi ya kuipanda jioni na kuinyweshea. Mafundisho hayo hayana bei, lakini ndiyo yatakayomrudisha mnunuzi msimu ujao pamoja na jirani yake.

Jaribu lililo kubwa. Mwalimu akiwa pia mwuzaji, mambo mawili hupigana moyoni mwake. Mkulima aja mbio, nyanya zake zanyauka zingali na majani mabichi. Rafuni mna dawa ya ukungu. Je, amwuzie? Kwanza akate shina, alitumbukize katika gilasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka majini, huo ni mnyauko wa bakteria, nao hauna dawa ya kuuponya. Ushauri wa kweli ni kung'oa miche iliyougua na kuiteketeza, wala asipande tena hapo nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa, bali mahindi. Siku hiyo mwalimu hapati hata senti. Lakini akiuza dawa isiyofaa, apata fedha mara moja na kupoteza jina lake kijiji kizima. Na kazi hii haina nguzo nyingine ila kuaminiwa.

Daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Aandike kila siku kilichotoka na kilichoingia: mbegu, mbolea, maji, kibarua. Na kazi yake mwenyewe aitie bei, maana wengi hudhani wamepata faida, kumbe wamekula jasho lao wenyewe. Fedha za kitalu zisichanganywe na fedha za nyumbani.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Tusimcheke msomi ashikaye jembe na kopo la kunyweshea, wala tusimtake atugawie miche bure kwa kuwa ni mtoto wetu. Tumpe pembe ya shamba iliyo karibu na maji, kisha tununue kwake kama wanunuavyo wengine.

Maswali ya kujibu pamoja:

1. Katika ujirani wetu zitapandwa ekari ngapi za mboga msimu ujao, na miche itatoka wapi?
2. Kwa nini mwenye kitalu yampasa kupokea arubuni kabla ya kusia?
3. Mwalimu afanye nini, ikiwa ushauri wa kweli wamnyima mauzo ya siku hiyo?