Ramadhani, siku ya 12: Usiilaani mita



Wazazi wangu, ndugu zangu na wanafunzi wangu, poleni na swaumu. Darsa la leo halihusu zaka wala tarawehe. Linahusu kile kisanduku cha ukutani, friji, king'amuzi na simu inayozunguka tu bila kufungua.

Chukua mfano huu. Saa kumi na mbili jioni, tambi ziko jikoni, ukwaju uko kwenye blenda, umeme unakata. Uniti zimeisha. Unanunua kwa simu, pesa inakatwa, meseji haiji. Ikija, ina tarakimu 20. Unabonyeza moja moja gizani, ya 17 unakosea, unaanza upya, mita inakataa. Hapo ndipo mtu aliyejizuia na maji tangu alfajiri anashindwa kujizuia na ulimi. Mita inalaaniwa. Mtoto aliyeshika tochi anakula kofi kwa sababu mkono umetikisika. Mke anaambiwa, "Na wewe umezidi kupika pika!"

Sasa tujiulize: mita imekosa nini?

Mnakumbuka mwaka 2024 tulivyotakiwa kuingiza mafungu mawili ya tarakimu 20 kabla ya tokeni yenyewe? Watu walinung'unika sana. Sababu yake ni hii. Mita hizi, hapa kwetu na katika nchi nyingi, zinafuata mfumo mmoja. Kila tokeni inabeba alama ya dakika iliyotengenezwa, ikihesabiwa kuanzia 1 Januari 1993, ili isitumike mara mbili. Nafasi ya kuhesabia inatosha dakika 16,777,216 basi, na dakika hizo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ilihitaji kuanzishiwa hesabu mpya. Haikuwa na ukaidi wowote.

Friji nayo ni hivyo hivyo. Umeme ukirudi, ile gadi inakaa dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Inaacha presha ya gesi ndani ya kompresa itulie, maana ikilazimishwa kuwaka papo hapo mota inaweza kuungua. Asiye na subira anaichomoa gadi, anachomeka moja kwa moja, kesho anamtafuta fundi. Na king'amuzi kikipoteza picha wakati wa masika, ni kwamba mvua nzito inafifisha mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti.

Vifaa hivi havina nia. Katika chumba kile mwenye nia ni wewe peke yako, na wewe uliiweka tangu usiku kwamba leo umefunga. Kwa hiyo atakayeulizwa ni wewe.

*Somo la kwanza: ulimi.* Imepokewa na Muslim kutoka kwa Imran bin Husayn (r.a.) kwamba mwanamke mmoja safarini alimlaani ngamia wake. Mtume (s.a.w.) akaamuru mizigo iteremshwe na ngamia yule aachwe. Na katika hadithi ya Ibn Abbas (r.a.), iliyo kwa Abu Dawud na Tirmidhi, mtu aliulaani upepo, akakatazwa, kwa kuwa upepo umeamrishwa tu, na anayekilaani kitu kisichostahiki, laana humrudia mwenyewe. Ikiwa upepo una haki hiyo, jiulize laana uliyoipeleka kwenye mita imeenda wapi.

*Somo la pili: mkono.* Bibi Aisha (r.a.) ameeleza, na ni hadithi iliyo kwa Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) hakupiga kamwe kitu chochote kwa mkono wake, si mwanamke wala mtumishi, isipokuwa katika kupigana kwa njia ya Allah. Tazama neno "chochote". Hasira haikai kwenye mita, huwa inatafuta mwenye kuumia, na mara nyingi inampata mdogo aliye karibu.

*Somo la tatu: mita ya pamoja.* Hili ndilo linalovunja nyumba nyingi za kupanga. Vyumba sita, mita moja, na umeme ukiisha Ramadhani kila mlango unafungwa. Mmoja ana friji, mwingine ana taa moja, na wote wanachangia sawa. Yupo anayechemsha maji kwa hita usiku kimyakimya. Ndugu yangu, huo umeme una pesa ya jirani yako ndani yake. Kaeni kikao, mpangeni mchango kulingana na vitu alivyo navyo kila mtu. Na uliyekabidhiwa pesa ya kununua, hiyo ni amana, usiigeuze nauli.

Wapo wanaouliza kama hasira inabatilisha swaumu. Jibu: haibatilishi, hulipi siku hiyo. Lakini tumefundishwa kwamba asiyeacha maneno maovu na kuyatenda, Allah hana haja na kule kuacha kwake chakula na kinywaji. Unaweza kushinda na njaa na usipate kingine.

*Kazi ya leo:*
1. Nunua umeme kabla ya Alasiri, usingoje mita ianze kulia.
2. Andika tokeni kwenye karatasi kwa mafungu ya nne nne, ndipo uiingize.
3. Ikikataa, kaa chini kwanza. Kukaa kwa aliyesimama akiwa na hasira ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.).
4. Adhana ikitoka, futuru. Tende na maji havihitaji umeme, na kuharakisha futari ni sunna. Mita utairudia baada ya swala.
5. Kama jana au leo umemkaripia mtu kwa ajili ya kifaa, mwombe radhi kabla ya tarawehe. Hata kama ni mtoto. Hasa kama ni mtoto.

Ewe Mola wetu, zilinde ndimi zetu na mikono yetu, zitie nyumba zetu utulivu hata zikiwa gizani, na uzikubali swaumu zetu. Aamin.

Mtumie na jirani yako mnayechangia naye mita. Kesho in shaa Allah tutazungumzia haki ya mpishi wa daku.