Dawa ya Ngozi, Usingizi wa Tezi

Mimi ni wa kidato cha tatu, si daktari, lakini leo nawaletea somo la afya. Lugha yetu haishindwi na sayansi.

Ipo saratani ya seli nyeupe za damu inayojitokeza kwenye ngozi, mara nyingi kwa mabaka yanayowasha. Mwishoni mwa mwaka wa 1999, Marekani iliidhinisha vidonge vya kuitibu viitwavyo beksarotini. Dawa hii ni ya ukoo wa retinoidi, jamaa ya vitamini A.

Je, dawa ya ngozi ina shughuli gani shingoni? Shingoni kuna tezi iitwayo thairoidi, ile ambayo ikivimba twaita rovu. Homoni zake huuwezesha mwili kutumia chakula na kupata joto. Lakini haifanyi kazi bila kuamriwa. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayoiamsha kwa homoni iitwayo TSH. Naifananisha na kiranja wa kengele: asipoipiga, hakuna aingiaye darasani. Beksarotini humnyamazisha kiranja huyo. Thairoidi yenyewe ni nzima, ila imelala.

Basi mgonjwa huchoka, husikia baridi, hufunga choo na ngozi humkauka. Jamaa wanaweza kudhani ni ule ugonjwa wake wa ngozi tu, au hata kumwita mvivu!

Kuna mtego mwingine. Kwa kawaida thairoidi ikilegea yenyewe, kengele hupigwa zaidi, yaani TSH hupanda. Hapa TSH iko chini, na homoni za thairoidi ziko chini pia. Akipimwa TSH peke yake, mtu anaweza kufikiri tezi inafanya kazi kupita kiasi. Kwa hivyo damu hupimwa kabla ya matibabu na yanapoendelea, na daktari huangalia homoni ya thairoidi yenyewe, T4. Ikipungua, mgonjwa hupewa vidonge vya levothairoksini. Habari njema ni kwamba beksarotini ikikoma, tezi huamka tena.

Rafiki zangu, nasi tuna wazee na ndugu wanaomeza dawa nyumbani. Mtu akianza kuchoka baada ya kupewa dawa mpya, tusimcheke, wala tusimwambie aiache kiholela. Tumhimize arudi kwa daktari aeleze yote anayosikia mwilini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwaherini.