MILIMA YA RUWENZORI NA WATU WA UNGUJA

Mtu akaaye Chukwani huiona bahari kila siku, lakini mlima haujui. Kisiwa cha Unguja ni nchi ya chini. Hata kilima chake kirefu hakifiki mita 150. Walakini watu wa Unguja walifika zamani penye safu ya milima yenye theluji, katikati ya Afrika. Leo twajifunza habari za milima hiyo.

Mwezi wa Februari 1887 Henry Stanley alifika Unguja akaajiri watu zaidi ya 600. Wakaenda kwa meli, wakazunguka kusini mwa Afrika mpaka mlango wa mto Kongo, kisha wakaingia bara. Wengi walikufa msituni kwa njaa na maradhi. Mwezi wa Mei 1888, karibu na Ziwa Albert, kijana mmoja alimwonyesha Stanley mlima uliosemekana kuwa umefunikwa na chumvi. Kumbe, ni theluji! Stanley alikuwa amepita karibu na milima hiyo mwaka 1876, wala hakuiona, maana mawingu huificha siku nyingi. Lakini Wakonzo, wenyeji wa huko, waliijua tangu kale. Mwaka 1889 afisa mmoja wa Stanley, jina lake Stairs, alipanda pamoja na watu wa Unguja wakapita mita 3,000, wakarudi kabla ya kuifikia theluji.

Milima hii i mpakani mwa Uganda na Kongo, na urefu wa safu ni kama kilometa 120. Kilimanjaro ulijengwa na moto wa volkano, Ruwenzori sivyo. Hii ni miamba ya kale iliyoinuliwa na nguvu za chini ya nchi, kando ya Bonde la Ufa. Kilele kirefu, Margherita, chafika mita 5,109.

Je, theluji yawezaje kukaa karibu na ikweta? Kila tupandapo mita 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Basi, kama Chukwani ni digrii 30, penye mita 5,000 joto limekwisha, na maji huganda. Kwa sababu hiyo mimea nayo hubadilika: chini msitu, kisha mianzi, kisha lobelia zipitazo kimo cha mtu, mwisho mawe na barafu.

Barafu hiyo yaisha. Mwaka 1906 ilienea zaidi ya kilometa 6 za mraba. Mwaka 2003 ilibaki kama kilometa 1 tu, kwa kuwa hewa ya dunia imezidi joto. Walakini maji ya mito ya huko hutoka zaidi katika mvua kuliko katika barafu, nayo huishia katika mto Naili. Kwa hiyo anayeutunza msitu wa mlimani awatunza pia watu walio mbali.

Makundi sita ya vilele yamepewa majina ya wageni: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Jina la mpagazi wa Unguja halimo. Basi sisi na tuwakumbuke, maana bila mabega yao safari ile isingalifika.

Maswali:
1. Kwa nini Stanley hakuiona milima hiyo mwaka 1876?
2. Ruwenzori yatofautianaje na Kilimanjaro?
3. Mito ya huko hupata maji yake wapi zaidi?