TUGAWANYE DISKI YA ORDINATERE

Ndugu wanafunzi, wengi wetu hapa Baraka na kule Fizi tunanunua ordinatere iliyokwisha kutumika. Shauri la kwanza tunalopewa: « Formata yote! » Ngojeni kwanza.

Diski ni kama shamba. Kugawanya ni kuweka mipaka. Kuformata ni kulima upya: vilivyopandwa vinapotea. Mwaka mmoja sisi tuliformata mbio mbio, na maandishi ya darasa zima ya kujitayarisha kwa mtihani wa Serikali yakaenda. Basi, mbele ya kuformata, nakili kazi zako kwenye diski ingine.

1. Sehemu ngapi? Mbili zinatosha. Diski ya giga 500, Windows inaonyesha karibu 465. Hakuna aliyekuiba, yenyewe inahesabu kwa 1024, kiwanda kinahesabu kwa 1000. Toa 150 za Windows na programu, 315 zibaki za kazi. Siku Windows inaharibika, unaformata sehemu ya kwanza tu.

2. Aina gani?
– FAT32 (1996): karibu kila mashini inaisoma, lakini haipokei fishie moja ya giga 4.
– NTFS (1993): iko na daftari. Inaandika kwanza mabadiliko inayotaka kufanya, kisha inayafanya. Umeme ukikatika, inasoma daftari na kurudisha mpangilio. Kwetu, tunaotegemea umeme wa jua na jenereta, hii ndiyo ya kuchagua kwa diski ya ndani. Lakini ukurasa ambao haujahifadhi haurudi!
– exFAT (2006): nzuri kwa flashi, inapokea fishie kubwa. Daftari ile haina, kwa hiyo usiichomoe flashi kabla ya ordinatere kuiachilia.

3. Onyo. Sehemu mbili si diski mbili. Ukiweka ubao katikati ya mtumbwi, haujapata mitumbwi miwili. Ukizama ziwani, mizigo ya pande zote inazama. Diski ikianguka chini ni vile vile. Nakala ya kazi zako ikae kwenye diski ingine, tena katika nyumba ingine.

Maswali ya kujipima
a) Fishie ya video ina giga 6. Utaiweka kwenye flashi ya aina gani? Kwa nini?
b) Rafiki yako anasema: « Nimegawanya diski, sina haja ya nakala. » Utamjibu nini?