Wanale Uko Hapo Juu: Vidokezo vya Kupanda kwa Wakazi wa Mbale

Inua macho ukiwa Industrial Division na utauona Wanale: ukuta wa mawe, na msimu wa mvua maporomoko membamba yanamwagika kutoka juu. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuupanda. Sisi wenyeji tunautazama tu tukisubiri bodaboda.

1. Toka mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umeshaanza njia. Mchana mawingu hushuka, na utelezi wa udongo ule si wa kuchezea.

2. Panda huku ukipiga soga. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani ya dakika 150 kwa wiki. Asubuhi moja mlimani inakupa nyingi kati ya hizo, na moyo unazifanyia kazi kwelikweli.

3. Kushuka ndiko kunakotesa. Misuli ya mapaja hukaza huku ikivutwa, ndiyo maana kesho yake ngazi za nyumbani zinakushinda. Watazame akina mama wanaoteremka na mikungu ya matoke kichwani: hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, hakuna papara. Waige, kisha uwapishe.

4. Zima simu, uache macho na akili vitulie kwenye miti. Mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake wa Stanford waliwatembeza watu dakika 90. Waliopita kwenye nyasi na miti walipunguza kurudiarudia mawazo mabaya kichwani. Waliopita kando ya barabara kuu, wapi! Kwa anayelala akihesabu ada za watoto na kodi ya nyumba, hiyo ni dawa isiyouzwa duka la dawa.

5. Mvua kubwa ikinyesha, baki nyumbani. Miteremko ya Mlima Elgon, ambao Wanale ni sehemu yake, huporomoka: Machi 2010 kijiji cha Nametsi, Bududa, kilifukiwa. Hapa hakuna ushujaa.

6. Njia hupita kwenye migomba na kahawa za watu. Sema “Mulembe”, omba kupita, na ukipata kijana wa kukuongoza mlipe vizuri. Beba maji na ndizi mbivu.

7. Usikimbilie Wagagai, kilele cha juu kabisa cha Elgon. Ni mita 4,321, safari ya siku kadhaa yenye baridi kali, na lazima upitie kwa askari wa hifadhi. Mwezi ujao jaribu Sipi, Kapchorwa: maporomoko matatu kwa siku moja, na jioni umerudi Mbale.