Mada Bado Si Wazo: Jinsi ya Kujenga Insha ya Maelezo

Mwanafunzi wa Kigali akiambiwa aandike kwa Kiswahili insha ya maelezo kuhusu umuganda, yaani kazi ya pamoja ya wakazi ya kila mwezi, mara nyingi huanza hivi: "Katika insha hii nitaeleza kuhusu umuganda." Hapo ametaja mada tu. Wazo kuu ni kile unachotaka msomaji akielewe kuhusu mada hiyo, nacho huandikwa kwa sentensi kamili. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, na kijana wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, huenda amekisikia mtaani tangu utotoni, lakini wepesi wa kuzungumza haumpi mtu wazo kuu.

Jaribio la pili huwa: "Umuganda ni muhimu kwa maendeleo ya nchi." Nani atabisha? Tatizo ni kwamba sentensi hiyo ingefaa pia kwa shule, barabara au benki. Ukiweza kuondoa mada yako na kuweka nyingine bila sentensi kuharibika, endelea kutafuta.

Jiulize: mgeni akipita tu barabarani, ni jambo gani kuhusu umuganda ambalo hataling'amua? Ataona majembe, mafagio, mitaro ikizibuliwa. Huenda asiuone mkutano unaofuata, wakazi wakikaa na viongozi wao kuzungumzia usalama, usafi au bima ya afya. Basi andika: "Umuganda husafisha mtaa, lakini pia huwapa wakazi nafasi ya kuzungumza na viongozi wao ana kwa ana." Hili sasa ni wazo kuu, kwa sababu linazua maswali. Watu hao wanakutanishwa na nini? Kazi inafanywaje? Mkutano unaleta nini? Kila swali linaomba aya yake, na jibu lake fupi ndilo sentensi kuu ya aya hiyo.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanaanza aya kwa taarifa: "Umuganda hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi." Ni kweli, ila baada ya hapo hakuna la kufafanua, na aya inageuka kapu la taarifa zisizoshikana. Linganisha na hii:

"Utaratibu wa umuganda huwakutanisha majirani ambao siku nyingine hawaonani. Hufanyika Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Sheria ya 2007 inawahusu wakazi wenye uwezo wa kufanya kazi, wa umri wa miaka 18 hadi 65. Kwa hiyo mwalimu, fundi na mwenye duka hujikuta kwenye mtaro mmoja."

Taarifa ya Jumamosi haikutupwa. Imehamishwa tu, na sasa inathibitisha jambo. Ukitaka kuingiza hapo marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2008, sentensi kuu itakukatalia, kwa kuwa mifuko haikutanishi majirani. Itafutie aya nyingine au iache kabisa. Kuacha ni kugumu, hasa ukiwa umehangaika kuitafuta taarifa yenyewe.

Sentensi kuu si lazima ianze aya, ingawa kwa anayejifunza ningemshauri aiweke mwanzoni. Methali ya kufungulia kila aya, ambayo baadhi yetu tulifundishwa kuipenda, mara nyingi hukalia tu nafasi ya sentensi kuu.

Ukimaliza rasimu, nakili sentensi kuu peke yake kwenye karatasi nyingine, moja chini ya nyingine, kisha zisome kwa sauti. Zikisimulia wazo lako kwa mfuatano, mpangilio umekaa. Mbili zikisema jambo lilelile, unganisha aya zake. Na ukigundua kwamba aya zote nzuri zinahusu mkutano huku kazi ya mikono ikiwa na mistari miwili tu, usiirefushe kwa nguvu. Rudi kwenye wazo kuu, uliandike upya lihusu mkutano.