Unajua Unachokula? Somo Kuhusu Mbegu Chotara, GMO na Lebo za Vyakula



 

Wapenzi wanafunzi, wazazi na walezi, somo hili limetokana na swali. Baada ya darsa la akina mama, mama mmoja aliinua mkono akasema: "Ustadhi, haya mahindi ya chotara tunayouziwa madukani si ndiyo GMO? Nimesikia yametiwa nguruwe. Baba watoto amekataa katakata, hatupandi." Wenzake walicheka kidogo, kisha wakanyamaza wote wakisubiri jibu. Hapo nikajua kuwa swali lile lilikuwa la wengi.

Siku ile sikujibu vizuri. Nilisema tutalitazama inshaallah. Lakini mvua za Novemba hazimsubiri ustadhi. Mume wake alipanda mahindi ya akiba, na mfuko wa mbegu aliokuwa ameununua kwa fedha ya mbuzi wawili alipoupeleka dukani haukupokelewa. Kwa hiyo somo hili ni deni ninalolilipa kwa kuchelewa.

MBEGU CHOTARA NI KITU GANI?

Mahindi yana ua dume kileleni, ambalo sisi tunaliona kama kishada, na ua jike ambalo ndilo lile lenye nywele kwenye gunzi. Vumbi la kilele likiangukia nywele, punje inatungwa. Mtaalamu wa mbegu anachukua aina mbili za mahindi alizozitunza kwa miaka mingi, anaondoa vishada vya aina moja ili ipate vumbi la aina ya pili tu. Punje zinazozaliwa ndizo chotara. Ni mahindi kwa mahindi, hakuna kitu cha nje kilichoingizwa. Huzaa kwa nguvu msimu wa kwanza, na ukizirudia mwaka wa pili nguvu inapungua, ndiyo maana mkulima anaambiwa anunue upya kila mwaka. Hilo la kununua kila mwaka linawaudhi wazee wetu, na wana haki ya kulalamika juu ya bei. Lakini haliifanyi mbegu kuwa GMO.

GMO ni jambo jingine. Kila kiumbe kina vinasaba, yaani maagizo aliyoyaweka Muumba ndani ya chembe hai yanayoamua mmea uwe mrefu au mfupi, mtoto awe na macho ya namna gani. Katika GMO mtaalamu huchukua kinasaba kutoka kiumbe kimoja na kukipachika katika kiumbe kingine maabara, hata kama viumbe hivyo haviwezi kuzaliana kwa njia ya kawaida. Mfano unaojulikana zaidi ni mahindi na pamba za Bt. Ndani yake mna kinasaba cha bakteria anayeishi kwenye udongo, na kwa hicho mmea unatengeneza wenyewe sumu inayomuua funza anayeutoboa. Aina nyingine ni soya inayostahimili dawa ya kuua magugu, mkulima anapulizia shamba zima, magugu yanakufa na soya inabaki.

Chakula cha kwanza cha namna hii kuuzwa kilikuwa nyanya, huko Marekani mwaka 1994. Leo zaidi ya tisa ya kumi ya soya inayolimwa nchini humo ni GMO.

JE, KUNA NGURUWE NDANI?

Mazao ya GMO yaliyoenea duniani ni soya, mahindi, pamba na kanola, na vinasaba vilivyopachikwa humo vimetoka hasa kwa bakteria na mimea. Habari ya nguruwe ni uvumi, na Muislamu hakuamrishwa kueneza kila alisikialo.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Wagonjwa wa kisukari zamani walichomwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1982 ilianza kutumika insulini inayotengenezwa na vijidudu vilivyopachikwa kinasaba cha binadamu. Ufundi ule ule unaoogopwa kwenye sahani ndio uliomwondolea mgonjwa Muislamu haja ya kutumia dawa iliyotokana na nguruwe. Basi tusiuhukumu ufundi wote kwa neno moja.

Wanazuoni wamelizungumza. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa mwaka 2013 kwamba uhandisi wa vinasaba na mazao yake vinaruhusiwa kwa masharti, miongoni mwayo kuwa na manufaa, kutodhuru, na kutotumia kinasaba cha kilichoharamishwa. Wapo pia wanaoona kuwa ni kubadilisha maumbile ya Allah, wakiegemea aya ya 119 ya Surat an-Nisaa. Wengine wanawajibu kwamba mwanadamu amekuwa akipandikiza na kuchagua mbegu tangu zamani. Mimi mwalimu wenu si mufti. Ninachowaomba ni kwamba atakayebishana abishane akijua anachokizungumzia.

NA MADHARA YAKE?

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa vyakula vya GMO vilivyopo sokoni vimepitia uchunguzi wa usalama na haielekei vinaleta hatari kwa afya. Mwaka 2012 mtafiti wa Ufaransa, Séralini, alitoa utafiti uliodai kuwa panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Picha zake zilisambaa dunia nzima, na Novemba 2012 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uagizaji wa vyakula hivyo. Mwaka uliofuata jarida lililouchapa likauondoa, kwa kuwa panya walikuwa wachache na matokeo hayakutosha kuthibitisha dai lile. Mwaka 2014 ukachapishwa tena katika jarida jingine. Oktoba 2022 Kenya ikaondoa marufuku, na mara wananchi wakaenda mahakamani kuipinga hatua hiyo.

Hata hivyo wenye wasiwasi si wajinga. Watafiti waliwahi kupachika kinasaba cha njugu ya Brazili ndani ya soya, na mwaka 1996 ikatangazwa kuwa watu ambao miili yao inakataa njugu ile wangedhurika na soya hiyo pia. Haikuuzwa kamwe. Mwaka 2000 mahindi ya StarLink, yaliyoruhusiwa kwa mifugo tu, yalikutwa ndani ya vyakula vya watu madukani Marekani. Hakuna aliyekusudia. Maghala yalichanganya, basi. Anayejua namna magunia yanavyochanganywa katika maghala yetu hatashangaa.

NCHINI KWETU

Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Cartagena, mkataba wa mataifa juu ya usalama wa viumbe hivi, ulioanza kufanya kazi Septemba 2003. Ikafuata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za mwaka 2009. Kanuni hizo ziliweka sharti zito: anayeingiza GMO anawajibika kwa madhara hata kama hakufanya uzembe. Mwaka 2015 sharti hilo lililegezwa kwa ajili ya utafiti, na Oktoba 2016 mahindi ya majaribio ya kustahimili ukame yakapandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kufutwa kwa majaribio hayo. Kwa hiyo hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kulimwa kibiashara nchini mwetu, na mfuko wa mbegu chotara wenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibiti mbegu, si GMO. Yule baba angeweza kupanda.

Lakini chakula hakina pasipoti. Jirani zetu wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, wamelishwa kwa miaka mingi na mgao wa misaada. Nani katika Kagerankanda, Makere au Kasulu mjini hajaliona kopo la mafuta lililoandikwa USA? Mengine bado yapo majumbani mwetu, tunapimia unga na maharage. Kopo lilitaja nchi, likataja vitamini A, likasema haliuzwi (na tunajua liliuzwa). Mbegu ya soya iliyokamuliwa ilikuwa ya aina gani, halikusema.

Mwaka 2002 jambo hili liliwafika Zambia katika hali ngumu kabisa. Watu walikuwa na njaa, mahindi ya msaada kutoka Marekani yakaja, na kati yake yalikuwamo ya GMO. Rais Levy Mwanawasa akayakataa. Zimbabwe, Msumbiji na Malawi zilitaka yasagwe kwanza. Kwa nini yasagwe? Kwa sababu punje nzima mkulima ataila nusu na nusu ataipanda, lakini unga hauoti. Mnaweza kujadili darasani kama Mwanawasa alifanya sawa. Fiqhi ya dharura inajulikana, mwenye njaa ya kufa huruhusiwa hata mzoga. Ila Zambia ilidai kuwa haikufika hapo, kwamba chakula kingine kingeweza kupatikana. Mimi naona serikali ile ilikuwa na haki ya kuuliza, na naona pia kuwa ni vigumu kulisema hilo mbele ya mama mwenye mtoto mwenye njaa.

CHUNGU YA NAFAKA ILIYOLOWA

Sasa tufike kwenye kiini. Imepokewa na Abu Hurayra (R.A.) katika Sahihi Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alipita kwenye chungu ya chakula sokoni, akaingiza mkono ndani na vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji alipoulizwa akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja nao.

Zingatieni hapa, wanafunzi. Nafaka iliyolowa si haramu. Si sumu. Yupo ambaye angeinunua kwa bei nafuu akaianika. Kosa la mtu yule lilikuwa kuiweka chini isionekane. Basi anayesema lebo haina haja kwa kuwa GMO haijathibitishwa kudhuru, tunamjibu kwamba mnunuzi ana haki ya kuona kilichomo hata pasipo madhara, kisha achague mwenyewe.

Na mataifa yamelipima kwa namna mbalimbali. Umoja wa Ulaya tangu 2004 unataka iandikwe GMO ikizidi sehemu 0.9 kwa 100 ya kiungo. Kenya, kwa kanuni za 2012, ni 1 kwa 100. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2016 na ikawa lazima kuanzia Januari 2022, nayo inasamehe hadi 5 kwa 100 ikiwa imeingia bila kukusudiwa. Lifanyeni hesabu kwa gunia la mahindi la kilo 100: Mzungu wa Ulaya anasamehe gramu 900, Mkenya kilo moja, Mmarekani kilo 5. Mafuta yaliyosafishwa ni hadithi nyingine. Yakisafishwa sana kinasaba hakionekani tena, hivyo Marekani huweza kuyasamehe, lakini Ulaya inataka yaandikwe kwa kuangalia asili yake. Mimi napendelea njia ya Ulaya, kwa kuwa muumini huuliza kitu kimetoka wapi, hatosheki na kuwa alama yake imefutika.

Kanuni zetu za 2009 nazo zinataka bidhaa ya GMO itambulishwe kwa lebo, na usimamizi wa vyakula tangu 2019 uko chini ya TBS. Hayo ni mazuri kwa pakiti za dukani. Je, mahindi ya debe? Mawese ya chupa? Dagaa wa fungu? Sisi wa nyanda za juu za Kigoma sehemu kubwa ya chakula chetu hakina karatasi yoyote. Lebo yake ni ulimi wa muuzaji.

Nitawapa mfano nilioushuhudia. Mama mmoja alinunua gulioni mahindi ya bei poa yenye rangi ya waridi iliyopauka. Aliyemuuzia alisema ni vumbi la ghala. Kumbe zilikuwa mbegu za msimu uliopita, zimepakwa dawa ya kuua wadudu, zikaoshwa na kuchanganywa na mahindi ya kawaida. Rangi ile hutiwa makusudi, ni onyo kwa asiyejua kusoma. Watoto watatu walitapika usiku kucha, wakapelekwa kituo cha afya, na Alhamdulillah walipona. Wakati huo baraza zima la mtaa lilikuwa likibishana juu ya GMO.

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanafunzi aje na pakiti tupu ya chakula au mfuko wa mbegu kutoka nyumbani. Tafuta humo jina la mtengenezaji, viungo, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Kisha jibu:

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya chotara na GMO, kwa namna ambayo bibi yako ataelewa. Msomee, uandike alichosema.

2. Kwa nini Malawi ilitaka mahindi ya msaada yasagwe?

3. Katika kisa cha chungu ya nafaka, ni kipi kilichokatazwa, unyevu au kuuficha? Toa mfano mmoja wa soko la kwetu.

4. Mjomba wako anauza mchele, na ameuchanganya wa zamani na mpya. Mteja hajauliza. Je, mjomba aseme?